Kuandikishwa Si Kupokewa

Huko Mkomani, Mombasa, na katika mitaa jirani, majumba ya kifahari na nyumba za mabati ni majirani, na watoto wa pande zote mbili wana haki moja. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini kuandikishwa si kupokewa. Mtoto ambaye kiti chake cha magurudumu hukwama mchangani kati ya lango na darasa, au anayejizuia haja kutwa kwa kuwa mlango wa choo ni mwembamba, jina lake limo rejistani, mwenyewe hayumo.

Kuna wasemao kwamba darasa limefurika na mwalimu ni mmoja, hivyo usawa ni anasa. Msongamano ni kweli, na serikali haina budi kuajiri. Hata hivyo, kumketisha mbele asiyeona vizuri hakugharimu hata shilingi, wala kuwakanya wanaomcheka mwenzao kwa lafudhi au sare iliyochakaa. Wengine huhofu kwamba kumsaidia mmoja ni kuwapunja wenziwe. La: penye ngazi pakiwekwa mteremko, wote hupanda.