Samadi Iive Kabla ya Kugusa Mboga

Anayetaka kuanzisha shamba dogo la kilimo hai Kiwanjani, mjini Isiolo, ili majirani wapate mboga karibu, atahangaikia maji kuliko mbolea. Huu ni mji wa wafugaji. Samadi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia haiko mbali, na ni rahisi kuizoa bomani, kuijaza kwenye magunia na kupanda siku hiyo hiyo.

Nawasihi wanaoanza wasifanye hivyo. Samadi mbichi inaweza kubeba bakteria wa E. coli na salmonela. Maji ya kumwagilia yakirusha tope kwenye majani, vijidudu hupanda nalo. Sukuma wiki na kunde zina nafuu kwa kuwa hupitia motoni. Dania na nyanya za kachumbari huliwa mbichi. Ndiyo maana kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo.

Njia ya mkato iliyo salama ni mboji. Samadi ikichanganywa na majani makavu, bakteria wanaoiozesha hutoa joto wanapokula, na joto hilo ndilo huua vijidudu vya maradhi. Kanuni hizo hizo hutaka rundo la wazi likae kwenye nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara 5 ili sehemu za nje nazo ziingie kwenye joto. Kisha liachwe lipoe na kukomaa.

Tatizo la Isiolo ni ukavu. Pasipo unyevu bakteria hao hulala na rundo halipati joto. Samadi iliyokaa bomani mwaka mzima ikawa vumbi inaonekana imeiva, kumbe imekauka tu. Chota kiasi cha kujaa mkono, ukibane: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Kwa jua la huku, afadhali mboji itengenezwe kwenye shimo lisilo na kina kirefu, chini ya kivuli, na kufunikwa kwa magunia makuukuu.

Vumbi lenyewe nalo lina hatari isiyotajwa sana: homa ya Q. Bakteria wake, Coxiella burnetii, hutoka kwa wingi mnyama anapozaa au kuharibu mimba. Huwamo pia kwenye mkojo, kinyesi na maziwa. Huvumilia ukavu kwa miezi na kusafiri na upepo. Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, mlipuko uliohusishwa na mashamba ya mbuzi wa maziwa uliambukiza watu zaidi ya 4,000, wengi wao wakiwa si wafugaji. Waliishi jirani tu.

Kwa hiyo samadi kavu inyunyiziwe maji kabla ya kuchotwa, na anayechota afunike pua na mdomo. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa vali za moyo wasiiguse kabisa, kwani kwao maambukizi haya huweza kuwa mabaya sana. Homa yake, pamoja na kichwa kuuma na jasho, hufanana na ya malaria. Mkulima akipimwa malaria isionekane, na homa ikaendelea, amweleze daktari kwamba anashika samadi. Asipoambiwa, huenda daktari asiwaze kabisa kuhusu mbuzi.