Kiangazi cha Mtu wa Mjini: Michezo, Ngoma, Sinema na Sanaa katika Mwanza



Mazungumzo yangu ya leo yametokana na neno aliloniambia kijana mmoja wa chuo ninachofundisha, ambaye anajifunza kazi ya ualimu. Ilikuwa mwanzo wa likizo ya katikati ya mwaka, nami nikamkuta ameketi juu ya jiwe, akiliangalia ziwa kwa uso wa mtu aliyefiwa. Nikamwuliza, "Mbona hivyo?" Akajibu, "Mwalimu, mji huu hauna kitu cha kutazama. Laiti ningekuwa Dar es Salaam, ningekwenda mpirani, ngomani, sinemani, na mahali palipowekwa kazi za sanaa. Hapa Mwanza pana mawe na samaki tu."

Sikumjibu pale pale. Lakini neno lake lilinikaa moyoni, kwa kuwa nimelisikia kwa wengi, hata kwa watu wazima wenye kazi na watoto. Basi leo nataka kulijibu mbele yenu nyote. Nitaeleza mambo manne, yaani michezo, ngoma, sinema na sanaa, jinsi mtu wa Mwanza mwenye fedha kidogo awezavyo kuyapata tangu Juni hata Agosti. Tena nitaeleza jambo la tano, nalo ni kazi ya mtazamaji. Maana watu wengi wadhani ya kuwa mtazamaji hana kazi.

Kwanza tuyafahamu majira yenyewe. Mvua za masika zikiisha mwezi wa Mei, mazao mengi huwa yamekwisha vunwa au yako karibu, na pamba hupelekwa kuuzwa. Mkulima hupata nafasi, na pengine fedha kidogo mkononi. Ndiyo sababu tangu zamani Wasukuma walichagua miezi hii kwa ngoma zao kubwa. Mtu wa mjini asidhani ya kuwa furaha za kiangazi zimetoka katika kalenda ya ofisi. Zimetoka shambani, nasi tumezirithi.

Sasa habari za michezo. Ligi kuu ya mpira wa nchi yetu kwa desturi huanza Agosti na kumalizika Mei au Juni. Wakati wa ligi watu wa Mwanza huenda uwanja wa CCM Kirumba, na wenye umri kama wangu hawataacha kukusimulia habari za Pamba, timu iliyopewa jina la zao letu, ambayo mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa nchi. Baadaye ikashuka daraja, ikakaa nje ya ligi kuu kwa miaka zaidi ya 20, hata mwaka 2024 ikarudi kwa jina la Pamba Jiji. Katika miaka hiyo yote wako wazee waliokuwa wakienda kuitazama ikicheza madaraja ya chini, jua likiwaka na mabenchi yakiwa matupu. Wakumbukeni wazee hao, maana nitawarudia.

Ligi kuu ikipumzika, mpira haupumziki. Mwezi wa Juni kwa kawaida ni wakati wa michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Na jioni katika kila mtaa vijana hushindana uwanjani pao, wala hapana kiingilio. Ukienda kutazama, angalia pia upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa ya baridi ya ziwani huingia kushika mahali pake. Kwa hiyo saa kumi ya jioni, mpira unapoanza, mara nyingi upepo huvuma kutoka ziwani. Nahodha mwenye akili huliangalia vumbi kabla ya kuchagua goli. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Mtoto akifundishwa jambo hili uwanjani, halisahau kama alisahauvyo la ubaoni.

Jambo la pili ni ngoma. Yapata kilometa 20 mashariki ya mji, katika njia ya Musoma, iko Kisesa, na hapo juu ya kilima pana Bujora. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, ambayo aghalabu huangukia mwezi wa Juni, hufanyika sherehe iitwayo Bulabo, maana yake maua. Hapo hukutana vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu. Asili ya vyama hivi ni watu wawili wa karne ya 19, waganga na wachezaji, mmoja Ngika na mwingine Gumha, walioshindana ni nani aliye hodari zaidi. Wafuasi wao wameendelea kushindana hata leo. Wako wachezao na nyoka, wako wachezao na majembe kwa ngoma ya bugobogobo, wakiyarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mwendo wa ngoma.

Lakini lililo la ajabu zaidi ni namna ya kumpata mshindi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wana ruhusa ya kwenda watakako. Manju wa upande huu akileta wimbo mpya au mchezo wa kuchekesha, watu hukimbilia kwake. Wa upande wa pili akifanya kubwa zaidi, hukimbia kurudi. Kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana zamani kila chama kilikuwa na dawa zake za kuvuta watu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgalu. Alipobatizwa aliacha ngoma, kwa kuwa walimu wa dini wa siku zile waliziogopa dawa zile na uhasama ule, wakaona ni afadhali kuacha vyote. Aliweka kengele zake za miguuni katika kapu, akalitundika darini. Baadaye, katika miaka ya 1950, padre mmoja Mkanada, David Clement, alianza kazi Bujora, akaona ya kuwa si haki kumtaka mtu aache ngoma yake mlangoni pa kanisa. Akazikaribisha nyimbo na ngoma za Kisukuma katika ibada, akaanzisha na makumbusho. Babu akaanza kwenda Bulabo, lakini alisimama pembeni tu, wala hakucheza tena; nadhani alikuwa amechelewa. Nilipokuwa mtoto alinichukua pamoja naye. Mimi niliwatumbulia macho wenye nyoka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usiangalie miguu ya wachezaji tu, angalia na miguu ya watu." Sikumwelewa siku ile.

Jambo la tatu ni sinema. Zamani mtu aliyetaka sinema alipaswa kwenda katika jumba kubwa na kukata tiketi. Siku hizi picha zimeingia mitaani, katika vibanda vilivyopewa jina la vibanda umiza, na mtu aliyekaa humo saa mbili juu ya ubao hataulizia sababu ya jina hilo. Humo hutokea picha za Marekani, za India na za China, nazo huwa zimetiwa sauti ya mtu anayefasiri kwa Kiswahili, akieleza, akitania, na pengine akiongeza maneno ambayo mwenye picha hakuyawaza kamwe. Desturi hii imestawi sana Uganda pia, ng'ambo ya ziwa letu. Wako wasomi wanaoidharau. Mimi naona ni ndugu wa kazi ya manju: watu hawakufuata picha tu, wamefuata mwenye kusimulia.

Hata hivyo mtazamaji wa sinema yampasa ajiulize: Ni nani aliyeishika kamera, naye ameacha nini nje ya picha? Mfano tunao hapa kwetu. Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa Mwanza. Yaeleza habari za sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, na ndege zilizowachukua kwenda Ulaya, na umaskini wa watu waliobaki na vichwa na mifupa. Ilisifiwa sana katika nchi za nje. Bali mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kulichafua jina la nchi. Nawashauri wenye kuweza waitazame, kisha watoke nje waitazame Mwanza, wapime. Mtu asiyejitazama mwenyewe hutazamwa na wengine, na picha watakayoitoa ndiyo itakayosadikiwa.

Jambo la nne ni sanaa. Kijana wangu alitaka mahali palipowekwa kazi za sanaa. Pale pale Bujora yako makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi, viti vyao, na vyombo vya nyumbani na vya vyama vya ngoma. Nyumba moja imejengwa kwa mfano wa kiti cha enzi. Mtu akitumia nusu siku humo, atajua ya kuwa babu zake hawakutengeneza kitu cha kufaa tu. Walitaka kiwe pia cha kupendeza.

Tena mtu aweza kupanda meli kwenda Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Huko alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, aliyesomea kwa wamisionari, naye mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, habari za mume na mke waliotafuta mtoto, pamoja na desturi za Wakerewe za kulima, kuvua, kuoa na kuzika. Hakupata wa kukichapa katika lugha ya kisiwa kidogo. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kilichapwa Dar es Salaam mwaka 1980, yaani miaka 35 baadaye; naye akafa mwaka 1981. Chukua kitabu hicho mkononi, ukisome melini. Hakuna safari ya sanaa iliyo bora zaidi kwa mtu wa Mwanza.

Lakini katika safari za majini nina onyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaa kupita kiasi. Ukiona chombo kimejaa, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Sikukuu itakuja tena mwakani.

Sasa nalifikia jambo la tano, nalo ni lile aliloniambia babu. Katika ngoma za Bulabo hapana mwamuzi mwenye filimbi. Miguu ya watazamaji ndiyo hukumu. Penye watu, wimbo huishi, vijana hujifunza, manju hutunga tena mwakani. Pasipo watu, wimbo hufa, ujapokuwa mzuri. Ndivyo yalivyo mambo yote niliyoyataja. Pamba haikupotea katika miaka yake ya taabu kwa kuwa wale wazee walisimama pale juani. Kengele za babu zilibaki darini kwa kuwa watu walikuwa wameondoshwa uwanjani. Na Kitereza alingoja miaka 35 kwa kuwa hakuna waliosimama upande wake kwa wingi wa kutosha.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Sisi hulitumia neno hili kumhimiza mchezaji asiende mbali. Lakini lina upande wa pili: atatunzwa na nani, ikiwa watu wa kwao wameketi juu ya jiwe, wakitamani ngoma ya mji mwingine? Methali hii yatudai sisi watazamaji kabla ya kumdai yeye.

Nilimchukua yule kijana tukaenda Bujora. Uwanjani makundi makubwa yalikuwa yamezungukwa na watu wengi sana. Mbali kidogo palikuwa na watoto wa shule wenye ngoma mbili ndogo, wakicheza mbele ya mwalimu wao na mama watatu. Kijana akasimama kati, akiangalia huku na huku. Kisha akaenda kwa watoto. Baada ya kitambo nikaona watu wengine wanne wamemfuata, halafu kumi. Watoto wakazidi kuruka.

Basi, wasikilizaji wangu, kiangazi kijacho chagueni mahali pa kusimama. Kwaherini.