Kelele za kigunduzi cha metali

Kelele za kigunduzi cha metali ni milio ambayo kifaa hicho hutoa wakati hakuna metali inayotafutwa chini yake. Wachimbaji wengi hukiita kifaa chenyewe ditekta. Katika Mkoa wa Songwe nchini Tanzania tatizo hili huwahusu hasa wachimbaji wadogo wa Wilaya ya Songwe, pande za Mkwajuni na Saza. Sehemu hizo ni za eneo la dhahabu la Lupa, ambalo huendelea hadi Wilaya ya Chunya katika Mkoa wa Mbeya. Dhahabu ilipatikana huko katika miaka ya 1920, na vipande vingine vimo karibu na uso wa ardhi, kwenye udongo na changarawe. Kipande kidogo hutoa mlio hafifu sana. Kelele zikizidi humeza mlio huo, na mchimbaji hupita juu ya dhahabu bila kujua, au huchimba mashimo matupu kutwa nzima.

Asili ya kelele

Koili ya kigunduzi hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukikuta metali huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo huunda uga wake ambao kifaa huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Ishara inayorudi ni dhaifu mno, kwa hiyo kifaa lazima kiwe na usikivu mkubwa, na kwa sababu hiyohiyo husikia mengi yasiyotakiwa.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta kwa chombo cha aina hii risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Mara ya kwanza chombo kilikwaruza kwa sababu sehemu yake moja iliunganishwa vibaya. Mara ya pili inasemekana springi za chuma za kitanda ndizo zilizomchanganya. Risasi haikupatikana.

Kutafuta chanzo

Kosa la kawaida ni kupunguza usikivu mara tu kelele zinapoanza. Kifaa hutulia kweli, lakini vipande vidogo havisikiki tena. Inafaa kwanza kujua kelele zinatoka wapi: hewani, ardhini au katika kifaa chenyewe.

Mtumiaji huweka mbali simu, panga na sururu, kisha husimama bila kutikisika na kuinua koili hadi kiunoni. Kelele zikiendelea, udongo hauna hatia. Hapo huigeuza koili upande. Sauti ikibadilika, chanzo huwa ni mawimbi ya umeme kutoka nje: nyaya za umeme, mota za karasha, jenereta, radi ya mbali, au kigunduzi kingine kilicho karibu. Ndiyo maana kifaa kinachopiga kelele dukani mjini Tunduma kinaweza kuwa kizima kabisa. Dawa ni kusogea mbali, au kukiacha kifaa kitafute masafa yenye utulivu, kama kina uwezo huo. Vigunduzi vinavyotuma mapigo ya umeme huvumilia udongo wenye chuma kuliko vile vya mawimbi mfululizo, lakini mara nyingi husumbuliwa zaidi na umeme wa nje.

Kelele zisipobadilika popote mtu aendapo, kifaa kikaguliwe: betri ichajiwe, hedifoni ibadilishwe, plagi ikazwe. Waya wa koili uzungushwe vizuri kwenye mpini na kufungwa, kwa maana waya unaoning'inia hutoa milio kila koili inapopungwa. Mahali panaposahauliwa mara nyingi ni chini ya kifuniko cha koili. Mchanga mweusi wenye chuma huingia humo na kusafiri na koili siku nzima, na mtu hulaumu ardhi. Kifuniko kivuliwe, kioshwe na kukaushwa.

Udongo

Kifaa kikiwa kimya hewani lakini kikipiga kelele kikisogezwa ardhini, chanzo ni udongo. Udongo mwekundu na mawe yenye oksidi za chuma hutoa ishara zao wenyewe. Udongo wa chumvi uliolowa, kama wa kando ya Ziwa Rukwa, hupitisha umeme. Kimondo cha Mbozi kilichopo Ndolezi, chenye uzito wa takriban tani 16 na kilichofanywa hasa kwa chuma na nikeli, si kelele bali ni metali halisi.

Hapa kinachotakiwa ni kusawazisha kifaa na udongo. Koili huinuliwa na kushushwa polepole juu ya mahali pasipo na metali, huku kifaa kikirekebishwa hadi mlio wa msingi usipande wala kushuka. Kazi hii hurudiwa kila rangi ya udongo inapobadilika. Koili ndogo huona udongo mchache kwa wakati mmoja, hivyo hutulia zaidi, ingawa haifiki kina kirefu. Kuipunga taratibu kwa kimo kilekile nako husaidia sana.

Usikivu hupunguzwa mwisho, hatua moja moja. Kabla ya kuupunguza, kipande kidogo cha risasi, kama chubwi ya mshipi wa kuvulia, hufukiwa kwenye udongo uleule. Kila baada ya hatua koili hupitishwa juu yake. Kikiacha kusikika, usikivu hurudishwa hatua moja juu.