Selulaiti: Kwa nini hata wembamba wana vibonyo mapajani?

Mwanamke anaweza kupunguza kilo 10, akaacha chipsi na soda, akawa anatembea kwa miguu kila jioni, na bado vile vibonyo vya mapajani na makalioni vikabaki palepale. Mwingine ni mwembamba tangu utotoni, na anavyo vilevile.

Hapo ndipo biashara inapoanza. Mitandaoni kuna krimu za "kuyeyusha mafuta", chai za "kutoa sumu", mikanda ya kutoa jasho na mashine za kukanda. Vyote vinauzwa kwa ahadi moja, kwamba ngozi itakuwa laini kama ya kwenye picha.

Shida ni kwamba wengi wanaouza, na wengi wanaonunua, hawajui vibonyo hivyo vinatokeaje. Ukishajua vinavyotokea, unaona mapema ni ahadi ipi inawezekana na ipi ni maneno tu.

Selulaiti ni nini?

Ni hali ya ngozi kuwa na vibonyo na vivimbe vidogovidogo, ikaonekana kama ganda la chungwa. Hutokea zaidi mapajani, makalioni na kwenye nyonga. Wengine huipata pia tumboni na sehemu ya juu ya mikono.

Selulaiti si ugonjwa. Haiambukizi, na si ishara kwamba mtu ni mvivu au hajitunzi.

Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa ngozi yanasema kati ya asilimia 80 na 90 ya wanawake waliokwisha kubalehe wanayo kwa kiwango fulani. Kwa hiyo asiyekuwa nayo kabisa ndiye wa kutafuta.

Neno lenyewe limetoka Ufaransa, ambako lilionekana kwenye kamusi ya tiba mwaka 1873. Wanawake wengi wa Marekani walilisikia mwaka 1968, jarida la mitindo la Vogue lilipoiandika selulaiti kama tatizo la urembo. Vibonyo vilikuwepo siku zote. Kilichokuja baadaye ni jina, na baada ya jina zikafuata bidhaa za kuuza.

Chini ya ngozi kunatokea nini?

Ngozi ina tabaka la juu tunaloliona, na chini yake tabaka la kati lenye kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara. Chini ya hayo mawili kuna tabaka la mafuta.

Tabaka hilo la mafuta halikai ovyo. Limegawanywa kwenye vyumba vidogovidogo na nyuzi ngumu, kama kamba, zinazotoka kwenye ngozi kwenda hadi utando unaofunika misuli.

Fikiria makochi yale yenye vifungo kwenye mgongo wake. Kila kifungo kimevutwa ndani kwa uzi, halafu sponji inajitokeza pembeni yake. Selulaiti inafanya hivyohivyo. Nyuzi zinavuta ngozi kwenda chini, mafuta yanasukuma kwenda juu, na ngozi inabaki na mabonde na vilima.

Ndiyo maana mtu mwembamba naye anaweza kuwa nayo. Kila mtu mwenye afya ana mafuta chini ya ngozi, hata kama ni kidogo. Kinachofanya vibonyo vionekane si wingi wa mafuta peke yake. Ni namna nyuzi zilivyopangika, zilivyokaza, na unene wa ngozi iliyo juu yake.

Mbona wanaume wengi hawana?

Mwaka 1978, watafiti wawili, Nürnberger na Müller, walichapisha utafiti uliolinganisha ngozi ya wanawake na ya wanaume. Walieleza kwamba kwa wanawake nyuzi hizo husimama wima, kwa hiyo mafuta hupata upenyo wa kusukuma juu. Kwa wanaume nyuzi hukatizana kama wavu na huyashika mafuta yasijitokeze. Ngozi ya wanaume pia ni nene zaidi.

Kwenye kichwa cha makala yao, watafiti hao waliiita selulaiti "ugonjwa wa kubuni". Yaani kwao huo ulikuwa umbile la kawaida la mwanamke lililopewa jina la kitabibu.

Vipimo vya MRI vya miaka ya baadaye vimeonyesha kwamba mpangilio huo haufanani kwa kila mtu. Lakini pale penye kibonyo kikubwa, mara nyingi chini yake hukutwa uzi mnene ulioivuta ngozi.

Mambo yanayochangia

*Homoni.* Selulaiti huanza kuonekana baada ya kuvunja ungo, na huweza kuongezeka wakati wa ujauzito na kuelekea ukomo wa hedhi. Homoni ya estrojeni inatajwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoelekeza mafuta ya mwanamke yakae kwenye nyonga na mapaja. Wanaume wachache wanaopata selulaiti mara nyingi ni wale wenye upungufu wa homoni za kiume, au waliopewa estrojeni kama tiba.

*Kurithi.* Kama mama na dada wanayo, uwezekano wa binti kuwa nayo ni mkubwa. Umbo la mwili, unene wa ngozi na mahali mafuta yanapokaa vyote vina mkono wa ukoo.

*Umri.* Miaka ikisonga, kolajeni hupungua na ngozi inakuwa nyembamba na legevu. Kilichokuwa kimefichika kinaanza kuonekana.

*Uzito.* Mafuta yakiongezeka, msukumo wa kwenda juu nao unaongezeka, na vibonyo vinaonekana zaidi. Kwa hiyo uzito hauleti selulaiti peke yake, ila unaikuza.

*Sigara.* Uvutaji huharibu kolajeni na kudhoofisha mzunguko wa damu kwenye ngozi.

Hadithi ya "sumu zilizoganda mwilini" haimo kwenye orodha hii. Kazi ya kutoa taka mwilini inafanywa na ini na figo. Hakuna chai inayokwenda kulegeza nyuzi za kwenye paja.

Kipi kinasaidia, kipi hakisaidii?

*Mazoezi na kupunguza uzito* huweza kupunguza mwonekano kwa wengi, hasa misuli ya mapaja na makalio inapojaa. Lakini haviondoi nyuzi. Na mtu akipungua haraka sana, ngozi hulegea na vibonyo vinaweza kuonekana zaidi kuliko mwanzo.

*Kusugua kwa kahawa na krimu zenye kafeini* huifanya ngozi ikaze kwa muda mfupi. Ukiacha, hali inarudi.

*Krimu zenye retino* zinaweza kuifanya ngozi iwe nene kidogo, lakini huhitaji kupakwa kwa miezi kadhaa, na matokeo yake si makubwa. Mjamzito hatakiwi kuzitumia.

*Kukandwa* husogeza maji yaliyo kwenye ngozi, hivyo paja linaonekana laini kwa muda.

*Kunyonya mafuta kwa upasuaji* si tiba ya selulaiti. Mafuta yanapungua, nyuzi zinabaki, na wakati mwingine mashimo yanaongezeka.

Njia zinazogusa chanzo ni zile ambazo daktari anaingia chini ya ngozi na kuzikata nyuzi zenyewe. Hizo zina matokeo ya kudumu zaidi, lakini ni ghali, zinahitaji mtaalamu, na zinaacha michubuko ya muda.

Hata kwenye nchi tajiri, mambo si mepesi. Julai 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano iitwayo Qwo, ya kwanza ya aina yake kwa selulaiti ya makalio. Ilikuwa na kimeng'enya cha kuvunja kolajeni ya zile nyuzi. Desemba 2022, kampuni ya Endo iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiacha, kwa sababu ya michubuko mikubwa na wasiwasi kwamba ngozi ingebaki na madoa.

Kama dawa iliyopita kwenye majaribio rasmi imekwama hivyo, basi kopo la elfu ishirini linaloahidi matokeo ya siku saba linahitaji kuulizwa swali moja tu: hii inafikaje kwenye nyuzi zilizo chini ya ngozi? Muuzaji asipokuwa na jibu, ni bora pesa ikabaki mfukoni.

Angalizo: vitu vinavyochanganywa na selulaiti

Vibonyo vyenyewe havina madhara. Hatari iko kwenye kuvichanganya na matatizo mengine, au kuvitibu kwa vitu vinavyodhuru.

*Michirizi.* Hii ni mistari inayotokea ngozi inapovutika haraka, kama wakati wa ujauzito au kunenepa ghafla. Si selulaiti. Kibaya zaidi, baadhi ya krimu za kung'arisha na "kulainisha" ngozi zina steroidi kali. Zikipakwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba na huleta michirizi mipya. Yaani mtu ananunua tiba, anapata tatizo la pili.

*Selulaitisi.* Majina yanapishana silabi moja tu, lakini huu ni ugonjwa kamili. Ni maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake, na mara nyingi hushika mguu mmoja. Sehemu hiyo huvimba, huuma na huwa ya moto, na huweza kuambatana na homa na kutetemeka. Kwenye ngozi nyeupe hugeuka nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane vizuri, badala yake sehemu ikawa nyeusi zaidi au ya zambarau. Inahitaji antibayotiki haraka, kwa sababu bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kuua. Kuikanda au kuisugua si tiba.

*Matende.* Uvimbe wa mguu unaotokana na minyoo inayoenezwa na mbu, unaojulikana sana maeneo ya pwani. Mguu huvimba na ngozi huwa ngumu na nene. Kadiri mtu anavyowahi hospitali ndivyo inavyokuwa rahisi kuudhibiti.

*Damu kuganda kwenye mshipa.* Mguu mmoja unavimba na kuuma ghafla, hasa kwenye misuli ya nyuma ya goti kushuka chini. Ikifuatiwa na kukosa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura.

Wakati gani uende hospitali?

Selulaiti haiumi, haina joto, haileti homa, na haitokei kwa usiku mmoja. Mara nyingi iko miguu yote miwili, tena kwa miaka.

Ukiona mguu mmoja umebadilika ndani ya siku chache, umevimba, unauma, una joto au ngozi imebadilika rangi, usisubiri krimu ifanye kazi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.