Nusa Kimea Kabla ya Kupika Pombe



Watu wengi hupika pombe nyumbani kwa mahindi, mtama au ulezi. Pombe ikichachuka hutoa harufu. Wengine hawaipendi harufu hiyo. Hufunga mtungi kabisa, au huongeza sukari ili harufu ijifiche. Usifanye hivyo. Kwanza tafuta sababu.

Pombe huchachushwa na chachu. Chachu ni vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo katika pombe, kisha hutoa kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoleta povu. Kwa hiyo harufu ya uchachu ni ya kawaida. Usiufunge mtungi kabisa, kwa maana hewa inaweza kuupasua. Ufunike kwa kitambaa safi. Uweke mahali penye hewa ya kutosha, si katika chumba cha kulala.

Uvundo mara nyingi hutokana na chombo kichafu. Osha chombo kwa maji ya moto, ukianike juani. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu usilitumie kamwe, hata ukiliosha mara nyingi.

Harufu ya kuogopa zaidi ni ya ukungu. Kimea kisipokauka upesi huota ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 watu walikufa pia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa Tanzania.

Basi fanya hivi:

1. Chagua nafaka nzima. Tupa zilizooza.
2. Kimea kikishaota, kianike juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Kitandaze kiwe chembamba, ukigeuze mara kwa mara.
3. Kabla ya kusaga, kinuse na kukitazama. Kikinuka ukungu, au kikiwa na madoa ya kijani au meusi, kifukie. Usiwape kuku wala ng'ombe.

Mtu akitapika, tumbo likimuuma na macho yakiwa ya manjano, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Msingoje kesho.

Debe moja la kimea ni hasara. Lakini mwakani utavuna tena.