Gemu iliyoshinda kwa kubana betri

MSOMAJI, hebu tupa jicho sebuleni mwako Jumapili hii. Huenda mtoto amejikunyata pembeni na simu ya mzazi, vidole vikicheza mbio, nawe umemwita mezani mara tatu bila jibu. Kabla hujampokonya, nipe dakika chache nikusimulie habari za mashine ndogo zilizoitangulia simu hiyo, na jinsi mojawapo ilivyonikosanisha na mama yangu mzazi hapa Manyatta, Kisumu.

Ulikuwa mwaka wa 2001, nami nilikuwa na umri wa miaka 11. Nyumba yetu haikuwa na umeme. Usiku tuliwasha taa ya mafuta, na habari tulizipata kwa redio ndogo ya betri mbili iliyokaa dirishani. Mama hakujali sana nyimbo wala mpira. Alichokingojea kila jioni ni matangazo ya vifo kwa lugha ya Kiluo. Simu hatukuwa nayo, hivyo jamaa akifariki Seme au Nyakach, redio ndiyo iliyotuambia atazikwa lini.

Mwaka huo kijana wa jirani aliniazima gemu ya mkononi iliyoandikwa Brick Game. Kama ulikulia Kondele, Nyalenda au Obunga, bila shaka uliwahi kuishika: sanduku la plastiki, kioo cha kijivu, na matofali meusi yanayoanguka ili uyapange yajaze mstari. Iliendeshwa kwa betri mbili ndogo, za kipimo kile kile cha redio ya mama.

Naam, umeshang'amua yaliyofuata. Mama alipoondoka kwenda soko la Kibuye nilizitoa betri, nikacheza, nikazirudisha kabla hajafika. Usiku wakilala wengine nikazitoa tena. Kufikia Jumatano redio ilikuwa ikikoroma. Alhamisi ikanyamaza kabisa. Mama alidhani betri zimekwisha kama kawaida yake, akasema atanunua nyingine mwisho wa wiki.

Jioni ile ile ya Alhamisi ilitangazwa kuwa mjomba wake wa Seme angezikwa Jumamosi. Mama alipata habari Jumapili, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akirudi matangani. Ndipo nilipokiri. Hakunichapa. Aliketi kitandani, akavua kitambaa cha kichwa, akaniuliza, "Kwa nini hukuniomba?"

Swali hilo lilinirudia majuzi, nilipomkuta fundi wa redio karibu na Kondele akisafisha gemu yenye umri mkubwa kuliko ile yangu. Ilikuwa Game Boy ya Nintendo, ya kijivu, nzito kidogo mkononi. Fundi alifungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha nafasi ya betri nne, akasema, "Hii haili sana." Kwa maneno hayo matatu alikuwa ameeleza siri yote ya ushindi wake.

Fundi aliyetoka kiwanda cha karata

Game Boy iliundwa na kundi la wahandisi wa kampuni ya Nintendo, Japani, chini ya Gunpei Yokoi. Bwana huyu aliajiriwa mwaka wa 1965, wakati kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa katika gari la moshi alimwona abiria aliyechoshwa na safari akibonyeza-bonyeza kikokotoo ili kupitisha wakati. Humo akapata wazo la mchezo mdogo wa mfukoni. Mwaka wa 1980 zikatokea gemu za Game & Watch, kila moja ikiwa na mchezo wake na saa juu yake.

Yokoi alikuwa na imani moja ambayo jua kali yeyote wa Kisumu ataielewa mara moja. Aliamini kwamba hapana haja ya kukimbilia kifaa kipya kabisa, kwani kilichozoeleka kimeshakuwa rahisi, hakiharibiki ovyo, na mafundi wanajua tabia zake. Kazi ni kukitafutia matumizi mapya.

Kwa imani hiyo Game Boy ikaanza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989, na Marekani mwaka huo huo kwa bei ya karibu dola 90.

Imebeba nini?

Mashine yenyewe ina kimo cha karibu sentimita 15 na upana wa sentimita 9. Kioo chake kina nukta 160 kwa 144, na kila nukta huweza kuonyesha ngazi 4 tu za weusi juu ya mandhari ya kijani kibichi iliyofifia. Rangi hakuna. Taa ya ndani ya kioo pia hakuna, hivyo gizani huoni kitu. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 8, na picha moja unayopiga kwa simu ya leo yaweza kuhitaji nafasi mara mia kadhaa ya hiyo.

Kushoto kuna kitufe cha msalaba cha kuelekeza juu, chini na pande zote mbili. Msalaba huu Yokoi aliutumia kwanza katika gemu ya Donkey Kong ya mwaka wa 1982. Kulia kuna vitufe viwili, A na B, na chini kuna vingine viwili vya kuchagua na kuanza. Pembeni kuna magurudumu mawili madogo, moja la sauti na jingine la kukoleza kioo. Kando ya kioo kuna taa nyekundu inayofifia betri zinapokaribia kwisha. Kwa hakika redio ya mama ingekuwa na taa kama hiyo, yamkini ningeogopa mapema.

Michezo huja katika kaseti ndogo za plastiki zinazochomekwa nyuma, kwa hiyo ukichoka na mmoja unachomeka mwingine. Tena kuna waya wa kuunganisha mashine mbili ili watoto wawili wachezeane, kila mmoja na yake.

Washindani wenye rangi

Huenda unauliza, msomaji, kifaa kikavu hivyo kilimshindaje mtu? Wapinzani walikuwapo, tena wenye sura nzuri. Atari ilitoa Lynx mwaka huo huo wa 1989, na Sega ikatoa Game Gear mwaka wa 1990. Zote zilikuwa na rangi na taa nyuma ya kioo. Ukiziweka mezani pamoja na Game Boy, mtoto hangesita kuchagua.

Lakini hebu tupige hesabu ya mzazi. Game Gear ilimeza betri 6 kwa muda wa saa 3 hadi 5. Game Boy ilitumia betri 4 kwa saa 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba kwa saa 15 za kucheza, Game Boy iliridhika na betri 4, wakati mwenzake alihitaji 18 akiwa na siku njema. Sura ilikuwa ya Game Gear, lakini mfuko ukaamua vingine. Game Boy pamoja na mdogo wake Game Boy Color wa mwaka wa 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani.

Jambo la pili lililoisaidia ni mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka wa 1984. Huko Marekani uliuzwa pamoja na mashine katika boksi moja. Hauhitaji rangi, hauhitaji kusoma Kiingereza, na bibi anaweza kuucheza na mjukuu.

Brick Game yangu ilikuwa mwigo wa mchezo huo huo. Kioo chake kilikuwa na miraba 10 kwa 20 tu, wala haikuchomekwa kaseti. Nyingi ziliandikwa kuwa zina michezo 9999, ilhali ilikuwa michezo michache ile ile iliyobadilishwa kasi na hatua. Hata hivyo ilibana betri vilevile. Nikiri ukweli: mlafi aliyezimaliza betri za mama hakuwa gemu, alikuwa mimi.

Ukitaka kununua

Ukiikuta Game Boy miongoni mwa vifaa vya mitumba, usitoe pesa kabla ya kuikagua. Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri za zamani zilivuja humo. Ukiwa kidogo husafishika kwa pamba yenye siki kidogo, ukishapangusa na kuacha pakauke. Ukiwa umekula chuma, achana nayo. Kisha iwashe na utazame kioo, kwani mistari ya wima iliyokosekana ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi. Zungusha magurudumu yote mawili na ubonyeze kila kitufe.

Kaseti nazo zina siri. Zile zinazohifadhi ulipofikia katika mchezo, kama zile za Pokémon, nyingi zina betri ya duara ndani kama ya saa. Baada ya miaka mingi betri hiyo hufa, na mchezo husahau kila kitu. Tetris haina betri hiyo, hivyo haina cha kusahau. Mwambie fundi pia kwamba misumari ya sanduku lake huhitaji bisibisi ya meno matatu, asije akaiharibu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Sisemi kwamba mtoto apokonywe simu apewe gemu ya mwaka wa 1989. Ninachokuomba, mzazi mwenzangu, nawe mwanafunzi, ni kwamba kabla ya kununua kifaa cho chote uulize maswali mawili. Kinakula nini? Na kinakula cha nani? Simu nayo hula umeme, hula bando, na aghalabu ni za mtu mwingine katika nyumba ile ile. Mtoto akimaliza chaji ya simu ya nyanya yake kwa gemu, ile simu ya jamaa wa mashambani itakayokosa kupokewa hairudi tena.

Mama angali Manyatta. Siku hizi ana umeme na simu, na habari za misiba humfikia kabla redio haijatangaza. Lakini redio yake ingali dirishani, naye huiwasha jioni saa ile ile. Kila ninapokwenda kumsalimu hupitia dukani kwanza, nikanunua betri mbili ndogo.