Vidole vyake, pete yako

Ukipita Keko hapa Dar utasikia mashine za mbao zikilia kutwa nzima. Kama shemeji yetu ni fundi wa huko, muulize leo: "Baby, kinga ya msumeno iko wapi?" Wapo wanaoivua, ati inachelewesha kazi.

Jamani, msumeno hauna huruma! Ubao ukibana meno ya nyuma hurushwa kwa kasi kumrudia fundi. Kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, si kwa vidole. Glavu na pete avue kabla ya kuwasha, maana vikinaswa vinavuta mkono. Kwa hiyo usinune akiiacha pete nyumbani, mwaya.

Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass alibuni msumeno unaohisi ngozi na kusimama ndani ya milisekunde 5. Bei yake ni kubwa. Kijiti ni bure.

Unataka kumnunulia video za mafunzo za kulipia? Zawadi safi! Ila asiwarushie washkaji, huo ni wizi wa jasho la fundi mwenzie. Na akiona mashine imevuliwa kinga ili kamera ione vizuri, asiige.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyake bado viko 10, mlindie.